Njia ya Nyuma ya Tangi

Hakuwa na kompyuta yake mwenyewe. Hakuwa na mwalimu, wala cheti cha kumfungulia mlango wowote, wala kiti chenye mgongo. Alichokalia dukani kilikuwa ndoo iliyopinduliwa na kuwekewa mto. Hakuwa na baba wa kusema "huyo ni binti yangu, mwacheni," na mama yake alikuwa ameolewa mbali, amebaki mtu wa salamu za simu. Hakuwa na lugha ya kutosha kufuata mafundisho ya mtandaoni bila kuyarudisha nyuma kila mara. Hayo yote aliyamudu. Kilichomuuma hasa ni kwamba hakuwa na kipawa cha kubuni. Wenzake waliokuwa wakijifunza kutengeneza mazingira ya gemu walijenga ngome za mawinguni na miji ya chini ya bahari. Yeye akifumba macho ili aione ngome, aliona ua wa nyumbani kwao, kamba za kuanikia nguo na mlango wa bafu usiofungika.

Basi akajenga ua wa nyumbani kwao.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwajiriwa wa duka la kutoa kopi. Mwenye duka alimruhusu kuitumia kompyuta ya duka wateja wakiisha, kwa sharti afagie na asimguse yeye akiwa amesinzia. Jina la Fundi Hewa alipewa na bibi yake, mama wa mama yake, aliyemlea tangu hajaota meno. Siku moja alimleta bibi dukani, akamkalisha mbele ya kioo na kumwonyesha jinsi ya kutembea ndani ya gemu kwa kubonyeza. Bibi akabonyeza. Akaingia chumbani kwake mwenyewe, akaona kitanda chake, akatabasamu, kisha ghafla kila kitu kikapaa juu na kioo kikawa cheusi.

"Nimekwenda wapi?"

"Umeanguka, bibi. Umepita sakafuni."

"Sakafu ya saruji?"

"Nimeichora tu, sijaiambia iwe ngumu. Huku ukuta ukiuchora haujawa ukuta. Lazima uuambie umzuie mtu."

"Ala! Nimeishi kwenye nyumba za udongo, za mabati na za kupanga, sijaona sakafu inayosubiri kuambiwa." Bibi akasimama, akajifunga nguo yake vizuri kama aliyeanguka kweli. "Wewe ni fundi, sikatai. Ila fundi hewa."

Hadi jioni ua mzima ulikuwa unamwita hivyo, hata mbwa wa mwenye nyumba angeweza kubweka jina hilo.

Lakini Fundi Hewa hakukata tamaa. Kampuni moja ya gemu ilikuwa imetangaza shindano la wanaoanza, na mshindi angepata mwaka mzima wa kufundishwa kazi na kulipwa juu yake. Ili kushiriki, mtu alisaini mkataba wa karatasi. Kazi yake ingewekwa mtandaoni, yeyote aipakue na kuicheza, na isingebadilishwa hata msumari mpaka waamuzi wamalize. Aliyetaka kujitoa ilibidi aandike barua, aweke sahihi kwa mkono wake na kuituma kwa posta. Ujumbe wa simu haungepokelewa. Fundi Hewa alisaini huku akicheka. Nani angejitoa?

Akaazima futi ya fundi cherehani, akapima kila kitu: vyumba vilivyozunguka ua pande tatu, ngazi, karo la kuoshea vyombo, tangi la maji, hata mnyororo wa mbwa. Majirani wakaona raha. Walikuwa wakipita dukani kujitazama.

"Mbona pazia langu umelichakaza hivyo?" aliuliza mwenye nyumba, mzee mnene aliyekaa chumba cha mbele.

"Ndivyo lilivyo, baba."

"Ndivyo lilivyo, lakini huku ni kwenye kompyuta. Huku si bure? Nipe jipya!"

Akampa jipya. Hilo pazia ndilo kitu pekee alichowahi kukibuni.

Katika mafundisho alikuwa amesikia kwamba mahali pazuri pa gemu pana njia ya siri, ambayo mchezaji akiigundua anajiona mjanja. Kubuni njia hakuweza, lakini moja aliijua. Alipokuwa mtoto, akirudi shule na kukuta bibi ametoka na funguo, alikuwa akipanda bomba la nyuma ya tangi na kuvuka ukuta mfupi. Kisha alijibana kwenye kona ya bafu, mahali ambapo mnyororo wa mbwa haufiki, mpaka kwenye dirisha la Nesi. Nondo mbili za dirisha lile zilisimama kwenye mbao zilizooza; ukizinyanyua zilitoka, ukizirudisha hakuna aliyejua. Nesi, ambaye hata baada ya kustaafu aliwapima presha watu wote wa ua bila kudai kitu, alizoea kurudi chumbani kwake na kumkuta mtoto kitini. Mwisho akawa anamwachia kikombe cha chai kimefunikwa.

Njia hiyo akaiweka yote. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye alijenga ukuta pamoja na ufa wake.

Watu walioicheza waliisifu kuliko kitu kingine. "Ile njia ya nyuma ya tangi ni tamu," waliandika watu asiowajua, wa huku na huku. Mmoja akauliza: "Nyumba hii ni ya kweli? Iko wapi?" Fundi Hewa, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuulizwa kwao ni wapi na mtu aliyependezwa, akajibu kwa furaha: ya kweli kabisa, naishi humo. Akautaja mtaa, akataja na kituo cha mafuta kilicho mbele yake.

Wiki iliyofuata kampuni ikamwarifu kwamba yumo miongoni mwa wachache wa mwisho. Bibi akapika kuku.

Mbwa alikuwa hajaimaliza mifupa ya kuku huyo, Nesi akaibiwa.

Ilikuwa mchana, watu wako kazini. Nesi alikuwa amelala na homa. Aliposhtuka aliuona mgongo wa mtu akitoka kupitia dirishani, na mashine ya presha imekwenda, na redio, na sanduku la nguo. Majirani walipokuja walikuta nondo mbili zimelazwa chini kwa utaratibu, na mbwa amechoka kubweka, mnyororo umekaza kama kamba ya ngoma, kona ya bafu ikiwa mbele ya pua yake.

"Huyu aliujua mnyororo," alisema mwenye nyumba. "Aliijua kona, aliijua na nondo. Huyu si mtu wa nje. Kikulacho ki nguoni mwako."

Macho yote yakamwendea Muosha Magari. Alikuwa mpangaji mgeni kuliko wote, kijana wa maneno machache aliyefanya kazi pale kituo cha mafuta na kurudi nyumbani wakati wowote akiwa amelowa.

"Mimi hata jina la mbwa silijui," alisema.

"Mwizi hahitaji kujua jina," mwenye nyumba akamjibu. "Jumapili nataka chumba changu."

Fundi Hewa alikuwa amesimama karoni, ameshika sufuria. Alihisi sakafu chini yake ni ile ya kuchorwa tu.

Kesho yake dukani alilifungua gemu lake. Akapanda bomba, akavuka ukuta, akajibana konani huku mbwa wake wa kompyuta akibweka bila kumfikia, akazinyanyua nondo. Hakuna kilichomzuia. Akalisoma tena jibu lake, mtaa na kituo cha mafuta, akalifuta upesi. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, ujumbe wa aliyeuliza ulikuwa bado upo, na chini ya ujumbe huo mtu yule alikuwa ameongeza neno moja: "Asante."

Akawaandikia kampuni kuomba alizibe lile dirisha tu. Wakamjibu kwa adabu: kubadilisha hairuhusiwi, kujitoa kunaruhusiwa, barua itumwe kwa posta kama mkataba unavyosema. Wakaongeza kwamba wangesikitika sana, kwani waamuzi wameipenda kazi yake, hasa njia ile.

Jioni akamweleza bibi. Bibi alikuwa akichambua mchele, vidole vikasimama.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Ni wewe tu."

"Basi na iishie hapa."

"Bibi, wanamfukuza mtu."

"Watamfukuza, atapata chumba kwingine. Ni kijana, mali yake yote ni godoro na ndoo. Sisi tukifukuzwa, nani atampangisha bibi kizee na fundi wa hewa?" Akaanza tena kuchambua, kwa kasi. "Na una hakika gani? Labda ni yeye kweli. Umemwona mwizi?"

"Sikumwona."

"Haya, basi."

Neno la bibi lilikuwa na uzito wake, na Fundi Hewa akalishika kama mtu anavyoshika kamba mtoni. Huenda ni Muosha Magari kweli. Alikuwa akipita karibu na tangi kila siku, na macho anayo. Kila alipopishana naye mlangoni alimtazama mikono, akitafuta humo kitu cha kumtuliza. Aliona mikono iliyochubuka kwa sabuni. Nesi naye alikuwa ameacha kulala chumbani. Mchana kutwa alikaa kwenye kiti uani, mgongo umegusa ukuta. Watoto walipompitia mbio, alishtuka.

Jumapili Muosha Magari akatoka na godoro lake kichwani. Hakuna aliyemsaidia wala aliyemzomea. Watu walijifanya wanafua.

"Mwacheni," alisema Fundi Hewa.

Sauti ilitoka ndogo. Akairudia.

"Mwacheni ashushe godoro. Ile njia ya nyuma ya tangi imo kwenye gemu langu. Mnyororo umo, nondo zimo. Mtu akaniuliza nyumba iko wapi, nikamwambia. Sijui nani ameiba. Najua tu kwamba wanaoijua njia ile si sisi peke yetu."

Bibi akaingia ndani na kufunga mlango taratibu.

"Watu wangapi?" aliuliza mwenye nyumba.

"Wengi, baba. Siwezi kuwahesabu."

"Na chumba changu mimi? Kimo?"

"Kimo."

"Na pazia jipya!" Akajishika kiuno, akamtazama mbwa, akautazama ukuta, kama anayetafuta mtu wa kumgombeza asimpate. "Wewe kijana, rudisha godoro lako. Na wewe na bibi yako tutaongea mwisho wa mwezi."

Muosha Magari hakushukuru. Alipompita Fundi Hewa alisimama, godoro bado lipo kichwani.

"Uliyajua haya tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Na kila asubuhi unanisalimia, 'habari za leo, kaka.'" Akaingia chumbani kwake.

Watu wakatawanyika. Kisha Nesi akainuka, akaegemea ukuta.

"Nipeleke nikaione."

Duka lilikuwa limefungwa, lakini ufunguo alikuwa nao Fundi Hewa. Akamkalisha Nesi kwenye kiti cha bosi, akamwekea mkono kwenye vibonyezo. Nesi akataka kupita njia ile ile. Alipanda bomba polepole, kama anayelihurumia goti lake. Kwenye kona mbwa alipobweka, akajibana zaidi ukutani. Akazitoa nondo, akaingia.

Chumba kilikuwa chake: kitanda, shuka la maua, kalenda ya zamani asiyotaka kuitoa. Na kwenye meza kando ya kiti, kikombe kimefunikwa kwa kisosi. Ndiyo zawadi aliyoipata mchezaji aliyefika.

"Kikombe hiki ni cha nani?"

"Changu, mama. Kile ulichokuwa unaniwekea."

Nesi akaondoa mkono kwenye vibonyezo.

"Kitoe."

"Hakitoki peke yake. Wamefunga. Ili kitoke, lazima nitoe yote. Na nikitoa yote, nimejitoa."

"Nimekuuliza hayo?"

"Hapana, mama."

"Basi toa yote." Akajiinua kwa kushika meza. Mlangoni akageuka. "Mimi sikukuona mwizi, hata ulipokuwa unapitia dirishani. Nilikuona mtoto. Sasa nikilitazama dirisha lile sioni mtoto tena. Hilo ndilo ulilonichukulia. Redio ni redio."

Jumatatu fundi wa kuchomelea alikuja kufunga nondo mpya. Cheche ziliruka mpaka karoni, na Nesi alikaa kitini akizitazama bila kupepesa. Bibi hakuwa amesema neno tangu jana, ila Fundi Hewa alipokuwa akitafuta kalamu, alimwona ameiweka mezani, karibu na bahasha.

Akaandika kwamba anajitoa. Akaandika tena, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa ameeleza mambo mengi na kuomba wamkumbuke mwakani. Ya pili ilikuwa fupi: kazi iondolewe siku ile ile barua itakapofika, yote, pamoja na dirisha. Akaweka sahihi.

Posta palikuwa na foleni. Alipofika dirishani aliikunja karatasi, akaiingiza kwenye bahasha, akalamba gundi na kuipitishia kidole kutoka pembe hadi pembe, akikandamiza mpaka hakuna upande uliobaki wazi. Karani akabandika stempu, akaigonga muhuri.

"Ya haraka au ya kawaida?"

"Ya haraka," alisema Fundi Hewa.

Karani akaitupa kwenye gunia nyuma yake, akamwita anayefuata.