Uzi wa Buluu

Kaleb alishaona aibu nyingi maishani, lakini hii ya kumwomba mama mkwe choo chake ilizipita zote.

Enzi hizo za Mwingereza alikuwa msaidizi wa maabara hospitalini Korogwe, kijana wa Bungu aliyevaa koti jeupe hata siku zisizo za kazi. Posa yake kwa Hilaria wa Misima ilikuwa imekubaliwa, harusi ingefanyika baada ya mavuno. Kumbe kabla ya mavuno kuna kipaimara. Wanawake wanne walipika pale Misima, watu wakala wakashiba, na baada ya wiki mbili watu kumi na mmoja wakawa kitandani kwa homa ya matumbo. Daktari, Mzungu asiyejua kuzungusha maneno, akaagiza wapishi wote wanne walete choo kwenye makopo. Mpishi mkuu alikuwa Bi Efrazia, mama yake Hilaria.

Mkwe, jamani. Mtu ambaye Kaleb akimwona njiani anajitosa kwenye mahindi ya watu, ambaye hata jina lake hathubutu kulitamka. Alituma makopo matupu kwa basi la Handeni linalopita Misima, akakaa akiomba yapotee.

Yalirudi yote, yamefunikwa vizuri. Kaleb akapaka kidogo kutoka kila kopo kwenye sahani za kioo za maabara, zenye rojo alilolipika mwenyewe kwa mwani, nyongo ya ng'ombe, sukari ya maziwa na rangi nyekundu. Sahani hizo hazina siri. Vijidudu vya kawaida vya tumboni hula ile sukari, huichachua kama maziwa ya mgando, na vinapoota huwa na rangi ya waridi. Kijidudu cha homa ya matumbo hakiigusi sukari hiyo, kwa hiyo huota kimepauka, hakina rangi. Waridi ni heri, kupauka ni balaa.

Asubuhi yake sahani zote nne zilikuwa tupu. Hakuna waridi, hakuna kilichopauka, hakuna chochote. Kaleb akayarudia makopo, akakuta sisimizi wameyazingira. Akanusa. Ulikuwa ugali wa muhogo uliokorogwa na sukari guru, makopo manne, sufuria moja, tena umeiva sawasawa, maana Bi Efrazia hata akidanganya hawezi kupika ovyo.

"Binadamu asiye na vijidudu tumboni hajazaliwa," daktari alisema. "Wewe umeniletea wanne. Jumatatu jioni, kama sina makopo ya kweli, natuma askari awalete."

Kaleb aliona posa yake ikifungwa pingu. Jumamosi akapanda basi.

Misima walimpa kigoda, akakigeuza akakaa mgongo ukitazama jiko. Bi Efrazia alikuwa ndani ya jiko na wenzake watatu, hatua tano tu. Hilaria akasimama katikati ili apeleke maneno ambayo kila mtu alikuwa ameshayasikia.

"Mwambie mama sahani zimeujua ule ugali," Kaleb alisema.

Jikoni mtu alikohoa.

"Muulize," Bi Efrazia alisema, "huyo akishashika kitu kama hicho cha mkwe wake, atakula tena chakula cha mkono wangu?"

Hilaria akageuka kumuuliza, akachoka, akaacha.

Kaleb alitoa mfukoni nyuzi nne: mweupe, mweusi, kijani na buluu. Akaziweka kwenye ungo. "Mwambie kila mmoja achukue uzi wake kwa siri, afunge kwenye kopo lake. Mimi nitaujua uzi tu. Sahani haisomi majina, na mimi sitaki kuyajua. Mwambie pia naogopa. Askari akifika hapa, mimi sina mke."

Hilaria aliupeleka ungo jikoni. Ulirudi mtupu.

Jumatatu makopo yakashuka na basi la kwanza. Safari hii Kaleb hakuhitaji kunusa, dereva mwenyewe alikuwa ameshalalamika. Kesho yake sahani tatu zilikuwa za waridi la kupendeza. Ya uzi wa buluu ilikuwa imeota madoadoa yaliyopauka. Akayapima tena kwenye mirija ya kioo yenye sukari za aina nyingine na rangi zake, akiomba zimkatalie kwamba ni kijidudu cha homa. Hazikumkatalia.

Akarudi Misima, akageuza kigoda.

"Hilaria, waambie kina mama ni uzi wa buluu. Mwenye nao haumwi, wala hana kosa. Vijidudu vimejificha tu tumboni mwake. Aje hospitali anywe dawa, na asiwapikie watu mpaka sahani iseme amepona."

Kumkataza mpishi wa Misima kupika ni sawa na kumnyang'anya heshima yake, na Kaleb alilijua hilo. Angeweza kuondoka bila kujua amemnyang'anya nani, na alitamani iwe hivyo. Akasikia mwiko ukiwekwa chini, taratibu.

"Hilaria," sauti ya Bi Efrazia ilisema, "mwambie mkwe wangu uzi wa buluu ni wangu."

Kaleb aliinamisha kichwa.

"Na mwambie siku ya harusi atapika mama yake. Sisi tutakaa mkekani, tuseme chumvi imezidi."