Stendi ya Baba Anyisile

Mume wangu Obed ni mbishi, na ubishi wake hauna likizo. Tangu ugonjwa umwachie mikono inayotetemeka, kamera yake ilikaa kabatini imefunikwa kitenge changu kizuri, na mikono yenyewe akaificha kwenye mifuko ya koti. Harusi zote za mtaa wetu hapa Njombe alizipiga picha yeye. Lakini kitu alichokipenda kuliko harusi ni maporomoko ya Luhuji alfajiri, ukungu ukiwa bado juu ya maji. Kila nilipomtajia stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu, alinuna.

"Mama Anyisile, unataka watu waseme nimekwisha? Stendi ni mkongojo."

Iliniuma sana. Bila kamera alikuwa mtu mwingine kabisa: anakaa, anakohoa, anaulizia chai. Mtu huyo sikuolewa naye.

Basi nikapanga hila. Nilijaza viazi kwenye kikapu cha nyasi za milulu, nikasema twende Makambako tukamsalimie wifi yangu Emerensiana. Kwenda kwa dada yake habishi. Wifi alipokea viazi kwa vigelegele, na tulipoaga akanirudishia kikapu kimejaa maharage, maana kwetu kikapu cha mgeni hakirudi kitupu. Tukiwa njiani kwenda kituoni nikakata kona hadi duka la vifaa vya picha, kana kwamba miguu imenipeleka yenyewe.

"Kamwene, baba. Kamwene, mama," alitusalimu mwenye duka, Brayson, mwanamume mwenye kitambi cha heshima. Nikamwambia tunatafuta stendi ya kupigia picha za porini na mtoni. Akatuwekea mbili mezani.

Obed, aliyekuwa amenuna, akaiona ile ndefu, nyembamba, inayong'aa. "Angalau hii inapita juu ya vichwa vya kwaya nzima," alisema.

"Luhuji kuna kwaya?" nilimuuliza.

Brayson alicheka, Obed hakucheka. Juu ya vigae vya dukani stendi ile ilisimama vizuri tu. Nikaibeba, nikatoka nayo nje.

"Mama, bado hujainunua!" Brayson alinifuata mbio.

Upepo wa Makambako haubembelezi mtu. Nilipoiachia tu, stendi ikaenda chali, Brayson akaidaka kwa tumbo. Nikaleta ile ya pili, fupi, nzito, yenye miguu minene inayoweza kutanuliwa hadi karibu na ardhi. Upepo ukaipiga, yenyewe ikatulia. Obed akachuchumaa kukagua vifungo vya miguu, akaona ndoano chini ya kichwa cha stendi.

"Hapo unaning'iniza mzigo upepo ukizidi," alisema Brayson.

"Nzito," Obed alinung'unika. "Utaibeba wewe."

"Nitaibeba."

Nilifurahi hadi nikasahau kuomba punguzo.

Alfajiri iliyofuata tulikuwa Luhuji, tumevaa makoti na skafu. Upepo wa maporomoko ulikuwa unasukuma kila kitu, kwa hiyo nikaning'iniza kwenye ndoano kikapu cha maharage, nilichokibeba kwa kazi hiyo. Obed alitaka picha ya taratibu, ile ambayo kamera inakaa wazi kwa muda mpaka maji yanaonekana kama maziwa. Kamera haitakiwi kutikisika hata kidogo. Akabonyeza, kidole kikatetemeka, picha ikaharibika. Akarudia, ikaharibika tena. Mabega yake yakashuka.

"Turudi," alisema, akarudisha mikono mfukoni.

Nilitaka kulia, lakini hasira zikawahi. "Picha za familia ulikuwa unaitegaje kamera, mpaka ijipige yenyewe?"

Akanitazama. Akaitega kamera, akabonyeza, taa nyekundu ikaanza kumeta ikihesabu sekunde kabla ya kupiga. Na hapohapo, kwa mazoea ya miaka yote ya harusi, akanishika mkono, akanikimbiza hadi kwenye jiwe mbele ya maji, akasimama wima na kutabasamu.

"Baba Anyisile, si tumefuata maji!"

"Tulia wewe, inapiga!"

Tulirudi kwenye kamera tukicheka hadi machozi. Picha ilikuwa nzuri ajabu: mawe yanaonekana hadi nyufa zake, maji yamekuwa maziwa, na sisi wawili tumesimama katikati. Ila mikono yake. Palipopaswa kuwa na vidole palikuwa na ukungu mwepesi. Nikaogopa itamuumiza.

Obed akasogeza macho karibu na picha. Akaangalia mikono, akaangalia maji, akarudi kwenye mikono.

"Mama Anyisile," alisema, "mbona mikono yangu imefanana na maji?"

Akaangua kicheko chake cha zamani, ambacho nilikuwa nimekikosa kuliko nilivyojua. Kisha akanifukuza pembeni ili apige Luhuji peke yake.

Alipiga nyingi nzuri asubuhi ile. Lakini aliyoichagua kuitundika sebuleni ni ile ya sisi wawili. Mgeni akiingia tu, Obed huinuka na kumwonyesha kwa kidole, na kidole kinatetemeka mbele ya watu wote.