Mdomo wa Njano

Zablon alijua. Tusizunguke mbuyu hapa. Pale Usevya, mtu akiona ndege wageni shambani humwita Zablon, na Zablon akishasema, basi, limepita.

Mpunga ulikuwa ndiyo kwanza unaingia maziwa wakati miti ya miiba ng'ambo ya mto ilipojaa viota. Mwenyekiti wa kijiji akamtuma akaangalie. Wakiwa kwelea, iombwe ndege ya kunyunyiza sumu. Wakiwa mnana, watoto watawafukuza.

Zablon akatega wavu, akanasa wawili. Dume alikuwa na mdomo mwekundu, kwelea mtupu. Jike alikuwa na wa njano, kama mnana kabisa, maana jike wa kwelea akifika kutaga mdomo hugeuka rangi, na hilo wengi hawalijui. Sasa, mizinga ya Zablon ilitundikwa palepale karibu, na sumu haichagui kwelea wala nyuki. Akamwachia dume aende zake. Jike akampelekea mwenyekiti.

"Mnana," akasema, macho makavu.

Kwelea wakala. Shamba la Gaudensia, mjane wa marehemu kaka yake, lilibaki mabua matupu, na ndicho chakula chake na watoto wake cha mwaka mzima. Watu walipoanza kumnyooshea Zablon kidole, Gaudensia ndiye aliyewafunga midomo. "Shemeji yangu hakosei ndege," aliwaambia. Zablon alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jumapili baada ya misa, Gaudensia akaja kwake na beseni la ndege aliowanasa kwa ajili ya mboga. Midomo myekundu na ya njano ilikuwa imechanganyika.

"Shemeji, nifundishe. Nilitaka nijue mnana ni yupi, mwakani nisimsingizie kwelea."

Angeweza kudanganya tena. Ulimi ukamgomea.

"Hapo hakuna mnana, shemeji. Hao wa njano ni majike ya kwelea."

Gaudensia akawageuzageuza wale ndege. "Siku ile ulikuwa unajua?"

"Nilijua. Niliogopea nyuki wangu."

Alitegemea matusi. Alijiandaa nayo, tena aliyataka. Gaudensia akajitwika beseni, akarekebisha ngata.

"Si ungesema tu," akamwambia kwa sauti ya chini. "Mimi na watoto tungekubebea hiyo mizinga."