Santuri ya Msiba

Mume wangu Oryem alikuwa fundi wa injini za treni, na katika maisha yake alinunua vitu viwili tu vya anasa: gramafoni na santuri moja kutoka Kongo. Karatasi ya katikati ilikuwa imebanduka, kwa hiyo hatukujua nani anaimba wala kwa lugha gani. Oryem hakujali. "Akidi," alikuwa akiniambia, "mtu akiimba hivi, unataka mkalimani wa nini?" Nilimwita mjinga, kisha nikaenda kuongeza sauti mwenyewe.

Lilikuwa gitaa moja na mwanamume mmoja anayeanza polepole, halafu wanawake wanamjibu. Watu wote wa nyumba za reli pale Nsambya, Kampala, walijua kuitikia. Hakuna aliyejua anaitikia nini.

Mwaka wa sabini na moja, jeshi lilipotwaa nchi na kuanza kuwaua Waacholi kama sisi, Okeny, mdogo wake Oryem, mwanajeshi, aliitwa kwenye gwaride asubuhi na hakurudi. Tulipata habari kwa mpishi wa kambi. Mwili hakuna, kaburi hakuna, matanga pia hakuna, kwa sababu mwaka ule Mwacholi akisikika analia kwa Kiacholi, kuna jirani atakayeuliza analiliwa nani. Siku nne nilipika na kufua kana kwamba hakuna kilichotokea. Siku ya tano, Jumapili mchana, Oryem alitoa gramafoni uani, akaweka ile santuri, akafungulia sauti mpaka mwisho, na chini ya sauti ya yule Mkongo tukalia. Tulilia kwa nguvu huku tunaitikia. Nani angetushtaki kwa maneno tusiyoyajua?

Ikawa desturi. Aliyefiwa na mtu asiye na kaburi alikuja Jumapili na kiti chake, akamwambia Oryem, "Ladit, tuwekee," kama mtu anavyomwomba mkubwa wake. Tulipomlilia Odur, askari polisi aliyeishi nyumba ya tatu, walikuja watu thelathini. Nilimwambia Oryem kwamba ni wengi mno. Akasema ni muziki tu.

Jumatano iliyofuata askari walimchukua Oryem, pamoja na gramafoni na santuri.

Katika kituo cha polisi nilimkuta Sajini Marjan, Mnubi wa makamo mwenye macho ya mtu asiyelala. Nilitaka kumchukia moja kwa moja, lakini alinipa kiti.

"Mama, hii wimbo inasema nini?"

"Afande, sijui. Sisi tunapenda tu."

"Watu thelathini wanalia, na hakuna anajua? Mkubwa anasema hiyo ni wimbo ya wale walitoroka nchi." Alisogeza karatasi tupu mbele yangu. "Leta mtu anajua hiyo lugha, aseme hapa, mimi naandika. Ijumaa saa tisa lori inakuja. Karatasi ikiwa safi, bwana anarudi nyumbani. Ikiwa hapana..." Akatazama mlango.

Lori lile nililijua. Waliofungwa gereza la Luzira, wake zao waliwapelekea chakula. Wa lori la Ijumaa, hakuna aliyejua pa kupeleka sahani.

Santuri ilibaki kwake kama ushahidi, kwa hiyo mimi nilibaki na koo langu. Alhamisi nzima nilizunguka Kampala nikiimba. Lubaga nilimwimbia padri mzungu aliyewahi kuishi Kongo. Alisikiliza kwa heshima, akasema hicho si Kilingala, pole sana, ataniombea. Nilimwambia aombe haraka. Sokoni Owino nilisimama mbele ya kila Mkongo muuza vitenge, mwanamke mzima, gauni langu la gomesi limejaa vumbi, naimba mwanzo mpaka mwisho na viitikio vyake. Walicheka. Mmoja alinirushia sarafu kama mwombaji. Niliiokota nikamtupia usoni.

Ijumaa saa nne nilikuwa hapo tena, sauti imekauka, nataka kulia na kutukana kwa pamoja. Mwanamke mmoja mnene aliyekuwa anakunja kitenge aliacha kukunja. Akaitikia. Hakuitikia kama sisi tunavyofuata milio. Aliitikia kama mtu anayesema kitu. Nikamshika mikono yote miwili.

Aliitwa Mama Ngalula. "Ni luga ya mama yangu, Kiluba ya Kasai," alisema. "Ile wimbo nilikuwa naisikia ku radio, nikiwa mutoto."

"Inasema nini?"

Aliona haya. "Inauzisha sabuni."

"Nini?"

"Sabuni, mama. Yule bwana anasema shati yangu ilikuwa chafu. Banamuke banamuitikia: ina povu, inang'arisha."

Nilikaa chini palepale vumbini nikacheka mpaka watu wakasogea mbali. Okeny wetu. Odur. Jumapili zote zile. Nilimkasirikia yule mwimbaji kana kwamba alitudanganya kwa makusudi. Halafu moyo ukawa mwepesi. Sabuni! Nani anaogopa sabuni?

Nilipomweleza kisa chote, Mama Ngalula aliweka kitenge chini. "Miye naweza kumuambia ni wimbo ya Mungu. Nani atajua? Watu banalia mbele ya Mungu."

Nafasi yangu ilikuwa hiyo. Naiona mpaka leo, imekaa pale katikati ya vitenge. Nikamwambia hapana, aseme kweli. Sajini akiita Mluba mwingine tutakamatwa wote. Nilijiona mwerevu sana.

Saa nane tulikuwa kituoni. Mama Ngalula alisema yote: shati, povu, weupe. Askari wawili mlangoni waliangua kicheko. Hata Marjan alitabasamu, akashika kalamu. Mimi nikaanza kufikiria nimpikie Oryem nini jioni.

Marjan hakuandika. "Mama, hiyo Jumapili ya watu thelathini, ulikuwa hapo?"

"Nilikuwa, afande."

"Ulilia?"

Uani pale kila mtu aliniona. "Nililia."

"Ulililia sabuni?"

Serikali ilikuwa imesema Odur ametoroka kazi. Nikisema tulimlilia, nimekiri kwamba tunajua amekufa na nani amemuua, na wale thelathini wote wanapanda lori.

Marjan aliweka kalamu chini, akainama ili askari wasisikie. "Mimi nilitaka karatasi tu, mama. Ungeleta hata wimbo ya Mungu, ningeandika. Watu thelathini wanalilia sabuni, hiyo naandika namna gani? Mkubwa atasema nimekula pesa."

Nikapiga magoti. "Ni ya Mungu, afande! Huyu amekosea! Ni ya Mungu!"

Askari walicheka tena. Marjan aligeuza uso.

Lori lilifika saa tisa kamili. Katika nchi ile hakuna kitu kingine kilichokuja kwa wakati. Nilimwona Oryem mgongo tu, akipanda, bila viatu.

Jumapili watu walikuja na viti vyao. Sikuwaita. Gramafoni haikuwepo, santuri haikuwepo, na mwenye kuombwa aiweke hakuwepo. Walikaa wakaningoja. Nikaanza mimi, polepole, kwa lugha ileile ya santuri, kama yule mwanamume: shati yangu ilikuwa chafu. Wakanijibu wote kwa machozi: ina povu, inang'arisha. Sikuwaambia maana yake. Nilimlilia mume wangu kwa maneno ya sabuni, kila neno nikilielewa, nikaimba mpaka sauti ikakatika.