Mkono wa Kushoto wa Sumiyem

Kila Sumiyem alipomaliza kumpamba bibi harusi, ndugu walipanga foleni kumshukuru. Walikishika kiganja chake cha kulia, wakakigusisha kwenye mapaji yao ya uso, wakasema, "Mkono wa baraka huu!" Naye alitabasamu kama mtu aliyekalia mwiba. Mkono ule wa baraka kazi yake ilikuwa kushika kioo.

Uliochora ni wa kushoto. Na wa kushoto kazi zake mnazijua wenyewe. Humpi mtu hata chumvi kwa mkono huo, sembuse kumchora mwali majani ya wanja mweusi kwenye paji la uso, pale pale baraka zinapoingilia. Kwa hiyo Sumiyem alifunga mlango, akawafukuza mama na mashangazi, akamwambia mwali afumbe macho. Wakiuliza, alisema ndivyo alivyofundishwa na Mbah Wiji, bibi aliyekuwa mwalimu wake. Kila harusi alirudi nyumbani akiwaza: leo wamenikosa, kesho watanikamata.

Kesho yenyewe ikafika. Mwali alikuwa Ningrum, mjukuu wa Mbah Wiji. Na Mbah Wiji, aliyeacha kazi mikono ilipoanza kutetemeka, akaingia chumbani na kigoda chake, akakaa.

"Mbah, si ungepumzika nje? Chai iko tayari."

"Chai nimeanza kunywa kabla hujazaliwa. Chora."

Sumiyem akashika brashi kwa mkono wa kulia. Jani la katikati likainama upande. Akafuta. La pili likainama upande wa pili. Nje patu za shaba zikaanza kulia; bwana harusi yuko njiani. Ningrum akafumbua jicho moja, akachungulia kioo.

"Yu Sumi, dada yangu, hili jani au ndizi?"

Sumiyem akaweka brashi chini. Machozi yalikuwa yameshamlengalenga.

"Mbah, tafuta mwingine. Mimi si mpambaji. Nimewadanganya watu miaka yote hii. Nachora kwa…" Akauficha mkono mgongoni.

"Toa mkono huko nyuma, utadhani umeiba kuku," alisema Mbah Wiji. "Kila harusi unakaa kula wali, vidole vya kulia visafi, vya kushoto vyeusi kama masizi ya chungu. Ulidhani sisi vipofu?"

"Mnajua? Nani anajua?"

"Mtaa mzima. Hata muuza tempe za soya, na yule haoni vizuri."

"Na mkanyamaza!"

"Tuseme nini? Uhamie wa kulia, wajukuu zangu waolewe wakiwa na ndizi usoni?"

Ningrum akacheka mpaka kitana kikamdondoka kichwani. Sumiyem hakucheka.

"Wakinishika wa kulia, Mbah, najiona mwizi. Na ulipoacha kazi uliniachia kasha lako la vitana bila kujua nachora kwa upi."

Mbah Wiji akamvuta karibu. Sauti ikashuka.

"Nduk, mwanangu, ulipokuwa msichana kwangu, ulikuwa ukichora majani kwenye jivu la jikoni nikienda kuchota maji. Kwa mkono huo huo. Sasa niambie, kwa nini nilikuwa nikienda kisimani kutwa nzima?"

"Maji yalikuwa yamekwisha."

"Mitungi ilikuwa imejaa mpaka inamwagika, mjinga wewe."

Sumiyem akafuta ndizi, akahamisha brashi mkono wa kushoto. Hakuna aliyefumba macho. Jani likasimama wima, jembamba kileleni, na mengine yakafuata ubavuni kama ndugu zake.

Baada ya harusi foleni ikapangwa kama kawaida. Sumiyem akanyoosha wa kulia, mazoea. Ningrum, wa kwanza, akaupita. Akauchukua wa kushoto, na weusi wake wote, akainama akaugusisha kwenye paji lake la uso.

"Utaharibu wanja, wewe!" mama yake akapiga kelele.

Kweli, jani moja likachafuka ukingoni. Sumiyem akaomba brashi, akalitengeneza palepale, mbele ya watu wote, kwa mkono uliolichora.