Kunde Zisizotakiwa Kunawiri

Asubuhi ya Jumatatu, siku ya kung'oa kunde za jaribio, Fundi wa maabara alimsubiri Daktari nje ya banda la vioo badala ya kumsubiri ndani. Alikuwa mtu mzima, miwani yake imefungwa waya upande mmoja, na tangu aajiriwe pale hakuna aliyewahi kumwona amekosa la kusema. Siku hiyo alitafuta maneno kwanza.

"Daktari," akasema, "kabla hujaingia, meza mate."

"Kuna nini?"

"Mstari wa tano umependeza."

Kwa mkulima yeyote hiyo ingekuwa habari ya kupigiwa vigelegele. Hapa chuoni ilikuwa balaa.

Ndani ya banda kulikuwa na vyungu arobaini vya kunde, mistari mitano, kila mstari vyungu vinane, vyote vimejazwa mchanga uliopikwa kwa mvuke mpaka kisibaki kijidudu hai hata kimoja. Mistari minne ilikuwa imepewa bakteria, kila mmoja wa kwake, kutoka mashamba manne tofauti. Bakteria hao huingia kwenye mizizi ya kunde, hujijengea vinundu, na humo ndani huigeuza hewa kuwa mbolea. Mmea huwapa sukari, wao huupa mbolea, nipe nikupe. Mstari wa tano haukupewa kitu. Huo ulikuwa wa kulinganishia. Kazi yake ilikuwa kukaa na njaa, ugeuke njano, udumae, ili watu waseme: haya, oneni wasio na bakteria wamekuwaje. Ukinawiri huo, mistari minne mingine haina ushahidi wa kutoa.

Daktari aliingia. Vyungu vitano vya mwanzo vya mstari ule vilikuwa kijani, kijani cha shibe. Vitatu vya mwisho ndivyo vilivyokuwa njano kama ilivyotakiwa. Alijua hapa ndipo moyo wa mtu hupiga paa. Akausubiri. Haukupiga.

Juu ya ndoo iliyopinduliwa alikaa mwanafunzi mwenye jaribio lile. Wote walimwita Mama Pacha, tangu aliporudi kutoka uzazi na watoto wawili kwa mpigo, mmoja mgongoni, mmoja kifuani, akauliza amepitwa na vipindi vingapi.

"Wiki iliyopita nilidhani ni macho yangu," alisema bila kuinua uso. "Daktari, naapa nilianza na visafi. Kila siku. Mstari wa tano kwanza, halafu ndiyo hii mingine. Mpaka ndotoni naanza na visafi."

Kuanza na visafi ilikuwa amri ya Daktari mwenyewe. Kopo la kumwagilia lianze kwenye vyungu visivyo na bakteria, limalizie kwenye vyenye bakteria. Ukigeuza mambo, mdomo wa kopo hugusa mchanga uliolowa na kubeba wageni kuwapeleka wasikoalikwa. Miaka kumi na moja alikuwa akiisema amri hiyo kila muhula, mpaka wanafunzi wakambatiza Mama Anza-Safi. Alilijua jina hilo. Zamani lilimchekesha.

Habari mbaya haingoji kubebwa. Mkuu wa idara alikuwa ameshafika, koti begani, kalamu mkononi.

"Nyongeza ya muda ya kwanza tulimpa kwa uzazi," alisema. "Ya pili tulimpa kwa sababu watoto wanaumwa. Alhamisi kamati inakaa. Safari hii niwaambie nini, kunde ndizo zimeumwa?"

Fundi alikohoa kuficha cheko. Mama Pacha hakuwa na cha kuficha.

"Kama ni uzembe, ni uzembe," Mkuu aliendelea. "Apewe barua yake, aende akalee."

"Ngoja kwanza nisome mizizi," Daktari alisema.

"Usome nini tena? Kijani si hicho?"

"Naomba nisome."

Mama yake Daktari alikuwa amezikwa siku ishirini na tano kabla ya Jumatatu hiyo. Walikuwa wakiishi pamoja. Yeye ndiye aliyemlea mjukuu wake tangu anyonye, Daktari akapata nafasi ya kukimbizana na bakteria wake. Watu walimsifu kwamba amejikaza. Wangejua. Kujikaza kunataka nguvu. Yeye alikuwa kama fizi iliyochomwa sindano ya ganzi: ipo mahali pake, inatafuna, haisikii. Alikunywa chai ya moto akagundua baadaye, kwa kujitazama kwenye kioo, kwamba ulimi umebabuka. Alifundisha vipindi vyake vyote. Alisahihisha mitihani.

Sasa alikunja mikono ya koti jeupe, akapindua chungu cha kwanza cha mstari wa tano, akaisuuza mizizi kwenye beseni na kuanza kuhesabu. Vinundu thelathini na kimoja. Chungu cha pili, ishirini na vinne. Cha tatu, kumi na sita. Cha nne, tisa. Cha tano, vitano. Cha sita kilikuwa na kimoja tu, kimejibanza kama mtoro. Cha saba na cha nane, mizizi mitupu.

Fundi alikuwa ameshika taulo. "Kama mtu kaingia na matope," alisema polepole. "Hatua za mwanzo zinachafua, za mwisho miguu imeshajifuta."

Ndivyo ilivyokuwa. Kopo lilikuwa limetoka mstari wa nne likiwa chafu, likajisafisha lenyewe chungu baada ya chungu. Mtu alianzia mlangoni kwenye bomba, akanyoosha mpaka mstari wa tano ukutani, kama afanyavyo mtu yeyote asiyejua lolote. Tena ilikuwa mara moja tu. Ingekuwa kila siku, mpaka chungu cha nane kingekuwa na vyake.

Akang'oa na mche mmoja mmoja wa mistari mingine, akachukua wembe. Vinundu vya mistari minne vilikuwa vikubwa kama pilipili manga, na ndani vyekundu kama nyama. Vya mstari wa tano vilikuwa kama punje za mtama, ndani waridi tu. Hivi havikuwa na wiki sita kama vya mistari ile minne. Vilikuwa na wiki tatu, na siku mbili au tatu juu yake.

Karibu na mlango ilining'inia karatasi ya zamu ya kumwagilia. Daktari alishusha kidole juu yake. Sahihi ya Mama Pacha, ya mviringo yenye mkia, siku baada ya siku. Kisha Jumamosi moja, wiki tatu na siku mbili nyuma, sahihi nyingine. Saa tatu asubuhi. Mwandiko umenyooka, haukutetemeka hata kidogo. Ulikuwa wake yeye, Daktari.

Ijumaa yake, siku moja baada ya mazishi, Mama Pacha alikuwa amepiga simu kutoka hospitali, mtoto mmoja ana homa kali. Daktari alikumbuka alivyomjibu: "Kaa na mtoto, mwanangu, nitamwagilia mimi." Alikumbuka viatu vya waombolezaji vimejaa mlangoni kwake, na jinsi alivyoviruka kutoka nje. Halafu alikumbuka yuko tena nyumbani, mkono wa gauni umelowa, watu wanamsogezea kiti. Katikati hapakuwa na kitu.

"Ulikuwa unajua," alimwambia Fundi.

"Mimi najua kuosha vyombo."

"Fundi."

Mzee alivua miwani. "Niliiona asubuhi. Nikasema, nisiwe mimi." Akasogea, akapunguza sauti ingawa Mkuu alikuwa amekwenda zake na Mama Pacha alishatoka kwenda kunyonyesha. "Karatasi hii imekaa karibu na bomba, Daktari. Maji yana tabia ya kumwagika. Wino ukienda zake, nani atauita urudi?"

"Na Mama Pacha?"

"Yule bado kijana, hatakosa njia. Wewe faili lako la uprofesa liko mezani kwa Mkuu. Halafu mwenye msiba hahukumiwi."

Daktari aliishika karatasi juu ya sinki. Akautafuta woga, hakuuona. Akatafuta aibu, wala. Kuilowesha na kuitia mkobani vilikuwa na uzito sawa, uzito wa karatasi. Aliitia mkobani kwa kuwa mkoba ulikuwa wazi.

Jioni binti yake wa miaka sita alimkuta amekaa mezani na koti bado liko mwilini.

"Mama, kitanda cha bibi analala nani?"

"Hakuna."

"Basi nilaze wanasesere wangu? Wako sita, wanabanana. Mmoja ananuna."

"Walaze."

Mtoto alingoja kidogo, labda akatazwe, labda akumbatiwe. Alipoona hakuna kinachokuja, alikwenda kuwabeba wanasesere wake, wawili wawili.

Ndipo simu ikaita. Mama Pacha. Nyuma yake kilisikika kilio cha mtoto mmoja, kisha cha wa pili kikaitikia.

"Shikamoo Daktari. Sitakuchukulia muda. Shemeji yangu ana duka la dawa, anataka mtu wa kukaa kaunta. Nimemwambia Alhamisi nitamjibu. Nimeona usikie kwangu, usije ukasikia kwa watu."

"Marahaba. Nimesikia."

"Na nisamehe. Uliniamini, nikakuangusha." Sauti ikazibwa kidogo, kisha ikarudi. "Nimekaa nikafikiri. Hawa hawalali, mimi silali. Labda kuna siku niligeuza bila kujijua. Labda ni mimi kweli."

Daktari alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yamepangika vizuri, sentensi moja tu. Hayakutoka.

"Lala," alisema.

Simu ilipokatika aliendelea kuitazama. Mtu ameanza kukumbuka kosa ambalo hakulifanya. Akiachwa mpaka Alhamisi ataliandika moyoni, atalitia tarehe na saa, na litamfuata mpaka kaunta ya dawa. Hilo Daktari alilielewa kama anavyoelewa hesabu. Moyo haukumwambia neno. Lakini thelathini na kimoja, ishirini na vinne, kumi na sita, tisa, tano, moja, sifuri, sifuri hazikuhitaji moyo wa mtu kuwa kweli. Alitoa karatasi safi akaziandika, na chini yake akaandika siku, saa, na jina la aliyemwagilia.

Alhamisi kamati ilikaa, watu saba na birika moja la chai. Mkuu alisoma ajenda mpaka akafika kwa Mama Pacha. Daktari aliweka karatasi mbili mezani, ya zamu na ya hesabu, akazieleza kwa sauti ileile anayofundishia.

"Aliyegeuza ni mimi," alimalizia.

Kijiko kiliacha kukoroga.

"Anza-Safi?" mhadhiri mmoja kijana alisema, kisha akatamani ardhi ipasuke.

Mkuu alivuta kiti mbele. "Daktari, siku hiyo ulikuwa msibani. Tunaweza kuandika kwamba chanzo hakikujulikana, mwanafunzi akapewa muda, yakaisha."

"Nilikuwa kazini. Sahihi hii hapa."

"Unajua faili lako liko wapi?"

"Kwako."

"Na unajua litakwenda wapi nikiandika hivi?"

"Litarudi kabatini. Andika."

Akaandika. Mama Pacha alipewa wiki nane kurudia jaribio. Daktari alipewa onyo la maandishi, na uprofesa ukasogezwa mwaka mzima. Alisikiliza yote kama anayesomewa ratiba ya watu wengine, akasema asante, akatoka.

Mama Pacha alikuwa kwenye benchi la koridoni. Mtoto mmoja amelala mapajani, wa pili anatafuna mkanda wa mkoba. Daktari alisimama mbele yake, akamwambia: umepewa wiki nane, hukukosea, nilikosea mimi, Jumamosi ile. Mama Pacha alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa.

"Ulijua lini?"

"Jumatatu. Asubuhi."

"Jumatatu asubuhi." Akaurudisha mkanda wa mkoba mdomoni kwa mtoto aliyekuwa ameudondosha, bila kuangalia. "Na jioni nimekupigia simu. Nimekwambia labda ni mimi kweli. Nilikuwa nalia, Daktari, nimeziba simu usisikie. Ukaniambia lala."

"Nilikuambia lala."

"Huku unajua."

"Huku najua."

"Siku nne nimejiita mzembe. Mume wangu naye kaniita mzembe, nikamwambia ni kweli." Sauti ilipanda, mtoto akashtuka, akaishusha. "Msiba nakupa pole, tena ya dhati, mama hana mbadala. Kukosea, sote tunakosea. Lakini ile lala yako, Daktari..."

Hakuimaliza. Wanafunzi wawili walipita, wakasalimia, wakaona nyuso, wakaongeza mwendo.

"Jumatatu napanda upya," Mama Pacha alisema. Akanyoosha kiganja. "Nipe ufunguo wa banda."

"Ufunguo wangu?"

"Huohuo. Wiki nane hizi hukanyagi mle ndani mpaka nikuite."

Daktari alitoa shada la funguo. Pete ilikuwa ngumu, ilimchukua muda kuutoa ule mmoja, mtoto wa mkanda akimtazama kama mkaguzi. Aliuweka kiganjani kwa mwanafunzi wake. Na hapo, mikono ikiwa mitupu katikati ya koridoni, joto lilimpanda kutoka shingoni, likashika mashavu, likafika masikioni mpaka yakavuma. Lilimchukua muda kulitambua. Ilikuwa aibu. Ilichoma hasa, na alitaka kuinamisha uso, na machozi ambayo hayakumjia kaburini yakaanza kumpanda kooni kwa ajili ya neno moja la kwenye simu. Hakuyafuta, hakuondoka.

Mama Pacha alimwona. Akatazama pembeni, akahangaika na kofia ya mtoto ambayo ilikuwa imekaa sawa.

"Mchanga wa kupika sina," alisema baadaye, bado amenuna. "Nani atanichotea?"

"Mimi."

"Magunia mawili. Na usuuzwe mara tatu."

"Mara tatu."

"Yalete mpaka mlangoni. Uyaache hapohapo, ubishe hodi, nitatoka mwenyewe."