Kifungo cha Shangazi Parehuia

"Umewatia wazee wetu kwenye kopo la biskuti?"

Shangazi Parehuia hata koti hakuwa amevua. Alisimama mlangoni pa jiko, fimbo mkononi, akilitazama kopo lile kama aliyekuta panya ndani ya unga. Mezani, kati ya mkate wa viazi na birika la chai, ilitandazwa ramani ya mchezo wa vita, yenye mto, kinamasi na ngome ya magogo. Juu yake vilipangwa vibao vidogo vya kadibodi, kila kimoja na jina la mtu aliyekufa.

"Biskuti ziliisha zamani, Shangazi," Tiopira alijitetea.

"Tumbo lako limeshaniambia. Mimi nimeuliza wazee."

Tiopira aliona haya mpaka masikioni. Kichwa kimejaa mvi, lakini mbele ya dada wa baba yake alikuwa mtoto aliyelowesha godoro. Tangu utotoni alijua kwamba wafu na chakula havikai pamoja. Ukitoka makaburini unanawa kwanza ndipo ushike mkate. Na bado, kwa miaka minne, alikuwa akipigana vita ya babu zake kwenye meza anayolia chakula, na kila aliyeuawa aliangukia koponi, ting! Aliwezaje kutoisikia ile sauti?

Wakaihamishia ramani sebuleni, kwenye zulia. Graeme, jirani Mzungu wa Tiopira, mpeleka barua mstaafu aliyezoea kucheza upande wa askari wa Kizungu walioizingira ngome, alishika pembe mbili na kutembea taratibu kama aliyebeba jeneza.

"Na askari wangu nao waje?" aliuliza.

"Wako waache palepale kwenye mkate," Shangazi alimjibu. "Si ndiko walikokuwa wanaelekea?"

Graeme alicheka, kisha akawafuata askari wake.

Jumatatu Tiopira alikuwa aupeleke mchezo huo alioubuni kwa mchapaji mjini Wellington. Lakini majina yale yalikuwa ya ukoo, na Tiopira asingechapa hata moja bila neno la shangazi. Shangazi alikuwa amejibu kwa simu: nitacheza kwanza. Nikiinuka kabla haujaisha, utie motoni.

Tiopira alikaa pembeni, mikono mapajani. Siku za kazi mikono hiyo ilikata nyama ya kondoo machinjioni, na kidole kimoja kilikuwa kimebaki nusu. Jumamosi ilikata vibao kwa kisu kilekile cha kutenganisha nyama na mfupa, na hakuna ukingo uliochanika.

Shangazi alicheza kwa ubabe. "Sogeza mizinga yako, posta, unanizibia mto!" Lakini mizinga ilizidi kukaribia, na ukafika wakati ambao mchezo mzima ulijengwa kuufikia. Ngome haiwezi kulindwa tena. Wenye ngome wanashinda wakivusha watu wao kinamasini usiku, ila lazima mmoja abaki kuchochea moto, ili askari waone moshi na wadhani wote wamo ndani. Anayebaki hatoki.

"Nani anabaki?"

"Unachagua mwenyewe, Shangazi."

Aliwapitia kwa macho: kina mama, watoto, na Te Manihera, aliyekuwa baba wa babu yake.

"Wewe ukicheza humwacha nani?"

"Te Manihera. Ndivyo ilivyokuwa."

"Kila mara?"

"Kila Jumamosi."

"Kumbe umekuwa ukimuua kila Jumamosi." Sauti ilikuwa imeshuka, utani umetoka. "Mwenzio alikufa mara moja, akadhani amemaliza."

Graeme aliinamia zulia. Nje upepo wa kusini ulikuwa ukigonga bati la banda.

"Nilitaka ajulikane," Tiopira alisema. "Shuleni tuliambiwa ngome ilitekwa, basi. Hakuna aliyetuambia kwamba waliteka moshi."

"Najua ulichotaka, mwanangu."

Shangazi alimshika Te Manihera kwa ncha za vidole, akamvusha kinamasini nyuma kabisa, akiwafuata watoto. Kisha akashika kifungo cha chini cha koti lake, akakizungusha mpaka uzi ukakatika, akakiweka kando ya moto.

"Sheria hairuhusu," Graeme alinong'ona, kwa mazoea ya mtu aliyeishi akifuata anwani.

"Basi andikeni nyingine. Jina letu lisikae pale. Anayetaka moto uwake aweke kitu chake mwenyewe." Aliegemea bega la Tiopira, akainuka. "Kwangu mchezo umeisha. Hao waliovuka, chapeni majina yao."

Alinawa mikono kwenye sinki ya jikoni, akala kipande cha mkate akiwa amesimama, akatoka. Tiopira alimfuata mpaka kizingitini. Mlima wa ng'ambo ulikuwa umejifunika mawingu. Shangazi aliteremka njia ya changarawe, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine ukibana koti lililokuwa likipeperuka chini.

"Shangazi! Kifungo chako!"

"Kiko kazini," alijibu bila kugeuka.

Tiopira aliporudi sebuleni alimkuta Graeme amepiga magoti palepale, dadu kiganjani. Ilikuwa zamu yake. Mizinga ilikuwa tayari, lango lilikuwa hatua moja mbele, na ndani ya ngome hapakuwa na kitu ila moto na kifungo cheusi chenye mkia wa uzi. Graeme alifungua kiganja, akaitazama dadu, akakifumba tena.

Tiopira aliketi upande wa pili wa ramani, akangoja naye.